Banda Lisilo na Sakafu

Asubuhi hiyo Agneta alimkuta kuku mweupe ameketi ndani ya kofia ya kazi ya mumewe, juu ya meza ya kulia, yai limeshatagwa na bado lina joto. Mwenye kofia hakuwa na habari. Alikuwa nyuma ya nyumba, amechuchumaa na utepe wa kupimia mkononi, anaipima ardhi ile ile aliyoipima jana na juzi. Agneta alilichukua yai, akamfukuza kuku, akaikung'uta kofia mlangoni. Kisha akasimama pale pale, mikono kiunoni, akamtazama mtu aliyemwoa.

"Baba Nelima," akasema, "hiyo ardhi imerefuka tangu jana?"

Masinde hakuinua kichwa. "Nafikiria sakafu."

Alikuwa anaifikiria sakafu tangu Januari, na sasa Machi ilikuwa inakwisha. Kuta za banda la kuku zilikuwa zimesimama, mbao zimepigwa randa mpaka zinateleza. Paa la mabati lilikuwa limekaa sawasawa. Mlango ulikuwa na bawaba zinazofunguka bila kulia, jambo ambalo mlango wa nyumba yao wenyewe haukuliweza. Masinde alikuwa seremala katika karakana ya reli, fundi wa kusifiwa na mafundi wenzake, na hakuna aliyepita mtaa wa Nyalenda mwaka huo wa sabini na mbili akakosa kusimama kulitazama banda lile. Lakini ndani yake mlikuwa na udongo mweusi mtupu. Mpaka udongo huo upate kifuniko, Masinde hakutaka kuku hata mmoja atie mguu. Basi kuku wakalala jikoni, na jikoni ndiko kulikokuwa sebuleni, na sebuleni ndiko walikolala wasichana wao wawili. Nelima alikuwa ameanza kwenda shule na manyoya kwenye nywele.

Laiti jambo lenyewe lingekuwa usafi tu, Agneta angevumilia. Alikwisha kuvumilia mengi. Lakini banda hilo lilikuwa limebeba maisha yake, na Masinde alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Yalianzia Chwele, kijijini kwa kina Masinde, walipokwenda nyumbani kwa Krismasi. Mama mkwe wake, Nakhungu, aliwakalisha mbele yake akayasema bila kuzunguka. Shamba lake lilikuwa linalala. Alikuwa na mwana mmoja tu wa kiume, na mwana huyo alikuwa na mke, na mke huyo alikaa Kisumu akifanya nini? Kungoja mumewe arudi kutoka kazini? Mvua za masika zikikaribia, Agneta na watoto warudi wapande mahindi. Masinde, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumwambia mama yake hapana, safari hiyo alijikaza akasema kwamba Agneta atakuwa na kazi yake mjini, atafuga kuku wa mayai.

"Nitakuja Pasaka kuwaona hao kuku," Nakhungu akasema. "Nikikuta wana nyumba yao na wanataga, nitanyamaza. Nikikuta ni maneno matupu, nitarudi na mke wako na watoto."

Agneta alijua maana ya kurudi kupanda. Aliwajua wanawake wa kijiji walioitwa kwa msimu mmoja tu, na miaka ikapita wakiwa wangali huko, waume zao wanawatembelea Krismasi na mkate na blanketi, watoto wanawaangalia baba zao kama wageni. Yeye aliolewa ili akae na mume. Alimpenda Masinde, hata kama mwaka huo ilikuwa kazi ngumu kukumbuka sababu.

Maana sakafu yenyewe ilikuwa vituko. Kwanza iliamuliwa saruji. Masinde alileta mfuko, akaulaza chini ya kitanda, akalala juu yake kwa amani kama mtu aliyenunua ng'ombe. Kisha Perez, mwenye nyumba wao, mwanamke mjane aliyezaliwa na kukulia papo hapo, akawaita waje waone baraza lake. Saruji ya baraza ilikuwa imepasuka kati, ufa wa kuingiza kiganja.

"Hii udongo ya Nyalenda ni mkaidi," Perez akasema. "Mvua ikikuja inafura. Jua ikikuja inarudi nyuma. Hiyo simiti yako itakatika kama biskuti, Bwana Masinde."

Ikaachwa saruji, ikaja hoja ya mbao. Mbao zikaletwa, zikapangwa ukutani, na kabla hazijapigwa hata msumari mmoja mchwa wakawa wameshazionja. Ukaja mchanga wa ziwani, mkokoteni mzima kutoka Dunga, umejaa makombe na unanuka samaki. Paka wote wa mtaa walihamia uani. Walikaa juu ya lundo lile mchana kutwa, macho yao kwenye mlango wa jikoni, na Agneta akawa hawezi kufungua dirisha bila fagio mkononi. Yakaja maranda kutoka karakana, gunia kwa gunia, halafu mtu fulani kazini akamwambia Masinde kwamba vumbi la mbao litawakohoza kuku. Mwisho yakaja makapi ya miwa, yaliyoletwa na lori lililotoka kiwanda cha sukari cha Muhoroni, meupe na mepesi na yenye harufu tamu. Yakamwagwa kando ya mchanga, kando ya maranda, kando ya mbao.

"Nimeolewa na soko," Agneta alimwambia Perez siku hiyo. Walikuwa wamesimama uani, hawana pa kuanika nguo.

Perez alicheka mpaka akashika kiuno. Akaegemea pembe ya banda apumue, na alipokuwa hapo akaipapasa ile pembe, akaacha kucheka.

"Yawa! Mbona hii nyumba haina msumari?"

Agneta akasogea. Kweli. Kila pembe ilikuwa imefungwa kwa bolti na nati, zimepakwa grisi vizuri zisishike kutu. Nguzo hazikuingia ardhini, zilikalia mawe bapa. Na upande wa ndani wa kila ukuta, kwa penseli ya seremala, kulikuwa na herufi: A, B, C, D. Paa nalo lilikuwa na namba.

"Mimi si fundi," Perez akasema polepole, "lakini hivi ndivyo mtu anajenga kitu ya kuhama."

Siku hiyo Agneta hakupika mapema. Aliketi juu ya gunia la maranda akamsubiri mumewe, na kila dakika ikamwongezea hasira. Masinde aliporudi, jua likiwa bado juu ya ziwa, hakupewa hata nafasi ya kuegesha baiskeli.

"Mbona banda halina msumari?"

Masinde akaishika baiskeli kwa mikono miwili. "Ili lifunguke."

"Lifunguke liende wapi?"

"Agneta..."

"Liende wapi, Masinde?" Hakumwita Baba Nelima, na wote wawili walilisikia hilo.

"Nilifikiri tu," akasema. "Nilifikiri, mama akikataa kabisa, mkaenda, basi usiende mikono mitupu. Basi la Bungoma linabeba mizigo juu. Ningelifungua, ningelipandisha, na huko ungelifunga siku hiyo hiyo. Usianze upya. Nilikuwa nakufikiria wewe."

Na alisema kweli, maskini. Hilo ndilo lililomtia Agneta wazimu. Masinde angekuwa mkatili, Agneta angejua la kufanya naye. Lakini mtu huyu alikuwa amepiga randa kila ubao kwa mapenzi, amepaka grisi kila bolti kwa mapenzi, ili siku ya kumpeleka mkewe mbali mambo yaende vizuri.

"Kwa hiyo umenijengea sanduku," akasema. "Miezi yote hii nakaa na kinyesi mezani, watoto wangu wanalala na majogoo, nikisema mume wangu ananijengea banda. Kumbe ananijengea sanduku la safari!"

"Si hivyo..."

"Na sakafu? Sakafu nayo umeiandika herufi gani?"

Masinde akatazama chini. "Sakafu haifunguki," akasema.

Basi Agneta akaelewa. Masinde hakuwahi kuwa na shaka yoyote juu ya saruji wala mchanga. Ukuta unaweza kuwa wa huku na wa kule, ukimfurahisha mke na usimkane mama. Sakafu haina huku na kule, ukishaiweka umeiweka mahali, na mumewe alikuwa ameizunguka miezi mitatu kama mtu anayezunguka shimo. Lakini kuelewa hakukumpunguzia hasira hata chembe. Alipiga kelele mpaka Perez akazima redio yake apate kusikia vizuri.

Aibu ilimfanya Masinde afanye kwa haraka alichoshindwa kufanya kwa utulivu. Kesho yake, kabla ya kwenda kazini, alichota makapi ya miwa, akayamwaga juu ya ule udongo mweusi, akayasawazisha kwa reki, akawaingiza kuku wote na kufunga mlango. "Haya," akasema, "wana sakafu." Jikoni kulikuwa kweupe kwa mara ya kwanza mwaka huo. Alisugua meza akaimba.

Mvua ilikuja kutoka ziwani siku mbili baadaye, alasiri, nzito, ya kupiga mabati mtu asisikie anachosema mwenzake. Paa la Masinde halikuvuja hata tone. Lakini maji ya Nyalenda hayaji kutoka juu peke yake. Yalikaa juu ya udongo ule usioyanywa, yakajipenyeza chini ya kuta zilizokalia mawe, na makapi yakayafyonza yote. Asubuhi mlango ulipofunguliwa, ilitoka harufu ya pombe ya busaa iliyoharibika. Chini palikuwa uji. Kuku walikuwa wamepandana pembeni, midomo wazi, wanapiga chafya. Watatu walikuwa wamelala kwenye ule uji na hawakuamka, na mmoja wao alikuwa yule mweupe.

Agneta alimwinua kwa mbawa akasimama naye uani, machozi yanamtoka kwa hasira, asijue pa kumweka. Ilikuwa imebaki wiki moja tu Nakhungu aje.

"Kwetu udongo hunywa maji," Masinde akasema. Alisema kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyesalitiwa na rafiki. "Kwetu ungemwaga ndoo nzima..."

"Hatuko kwetu!" Sauti yake iliwafanya hata paka wa mchangani waondoke. "Tuko hapa! Miaka tisa, Masinde! Watoto nimewazalia hapa, mmoja hajui hata kusema Kibukusu sawasawa. Mguu mmoja umeuweka kwa mama yako, mmoja umeuweka kwangu, na kuku wangu wamekufa katikati!"

Masinde aliondoka kwenda kazini bila chai. Agneta alimzika yule mweupe na wenzake karibu na ua, akawarudisha wagonjwa jikoni, akafunga leso kiunoni. Hakuwa na hamu ya kulia tena. Alichoka kungoja mtu mwingine aamue atakaa wapi.

Aliyatoa makapi yote kwa koleo. Kwa Perez kulikuwa na lundo la changarawe nyekundu iliyobaki tangu barabara ya mtaa ilipotengenezwa. Akaliomba, na Perez, badala ya kujibu, akaleta karai lake akaanza kuchota pamoja naye. Waliweka mawe kwanza, mawe ya ukubwa wa ngumi, ili maji yapate pa kupita. Juu ya mawe changarawe, tabaka baada ya tabaka, wakiishindilia kwa mchi wa kinu mpaka ikagoma kuingia zaidi. Sakafu ikapanda juu ya uwanja, mvua yoyote ya haki ingepita chini yake. Kisha Perez akaenda kwa jirani mwenye ng'ombe akarudi na ndoo mbili za mavi mabichi.

"Hii sasa ni ya kwenu," akasema. "Mimi nimeshika mchi. Mkono weka wewe."

Agneta alichanganya mavi na majivu na udongo laini, kama mama yake alivyomfundisha angali msichana. Alikuwa amepiga magoti, mikono imezama mpaka kwenye viwiko, ndipo alipoona viatu vya Masinde mlangoni. Mtu huyo alikuwa amerudi mapema. Aliitazama changarawe iliyobanwa, akaliangalia lile karai, akamwangalia mkewe. Hakuna aliyehitaji kumweleza kwamba uzito ule ungezisukuma kuta nje siku ya kwanza, zisipofungwa kwa namna nyingine.

"Misumari ya inchi sita iko juu ya dirisha," Agneta akasema. "Na nguzo zinataka mashimo."

Agneta aliuona uso wa mumewe ukifanya hesabu zake zote za zamani, mama huku, mke kule, na safari hii hakumsaidia kwa neno hata moja. Kisha Masinde alivua koti, akalitundika kwenye mlango. Alichimba mashimo mpaka jasho likamlowesha mgongo. Alizisimika nguzo, akazishindilia, akapiga misumari pembe kwa pembe, na kila msumari ulioingia ulimuuma, ilionekana, maana ule ulikuwa ubao mzuri. Bolti alizitia mfukoni moja moja. Alipomaliza, Agneta alinyoosha mkono wake uliojaa mavi, akapewa zote, akazipeleka chooni akazitupa. Walizisikia zikianguka.

"Hizo zilikuwa nzuri sana," Masinde akasema kwa huzuni.

"Najua," Agneta akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Januari akacheka.

Akakandika. Masinde alimshikia ndoo, kazi ambayo kwao mwanamume haisogelei, na Perez akawa na adabu ya kuangalia upande mwingine. Sakafu ilipokauka, ngumu na ya kijivu, wakamwaga juu yake makapi makavu ya mpunga kutoka Ahero, na kuku waliopona wakaingia wakaanza kuparua kama watu waliorudi kazini.

Nakhungu alifika mkesha wa Pasaka kwa basi la Bungoma, mdogo kuliko Agneta alivyomkumbuka, na kifuko cha mahindi kichwani. Alikataa chai mpaka aone kwanza alichokuja kuona. Aliinama akaingia bandani, akatoka na mayai mawili, akayapa wajukuu wake. Halafu akarudi ndani. Aliyafukua makapi ya mpunga kwa vidole, akaweka kiganja juu ya sakafu, akakiacha hapo.

"Nani alikandika?"

"Mimi, mama."

"Kwa majivu."

"Ndiyo, mama."

Agneta alikuwa ameyaandaa maneno yake wiki nzima. Alikuwa na jibu la shamba, jibu la watoto, jibu la mume, yote makali, yote yamepangwa. Bibi alitoka bandani akijipangusa mikono, akaketi kwenye kigoda kivulini.

"Nilisema nitanyamaza," akasema. "Nimenyamaza."

Ikawa basi. Agneta alibaki na majibu yake yote mdomoni, hana wa kumpa. Akamwita Masinde amkamate jogoo wa mgeni, lakini Nakhungu akainua mkono.

"Usichinje. Nitarudi naye hai. Nichagulie anayelialia."

"Mama, mgeni anakujaje asile kuku?" Agneta akauliza.

"Nitakula sukuma wiki. Nataka wa kupiga kelele." Alikuwa anaangalia ua wa Perez, si uso wa mtu yeyote. "Tangu baba yake Masinde atutoke, nyumba ile imenyamaza mno. Naamka asubuhi nasema neno, nalisikia mwenyewe."

Masinde alikuwa ameshika jogoo kwa miguu, mdomo wazi, na kwa sura yake ilikuwa wazi kwamba katika miaka yote ya kumwogopa mama yake hakuwahi kumsikia akisema hivyo. Agneta naye aliona aibu, halafu akakasirika kwa kuona aibu. Hata ushindi! Hata ushindi hakuachiwa aufurahie siku moja! Alikuwa amemchukia bibi huyu tangu Krismasi kwa sababu ya shamba, na bibi kumbe shamba ndilo neno pekee alilokuwa nalo.

Alimwangalia pale kwenye kigoda, vidole vyake vimepauka kwa vumbi la makapi, kifuko cha mahindi miguuni.

"Hiyo ni mbegu, mama?"

"Ni mbegu. Nilidhani utanisaidia kuichambua huko nyumbani." Nakhungu akakigusa kifuko kwa mguu. "Macho yangu siku hizi yanachanganya nzima na mbovu."

Agneta akaingia ndani, akatoka na ungo, akajivutia kigoda. Akamwaga mahindi, akaanza kuyatenga kwa kidole gumba, yaliyotobolewa na wadudu huku, yenye afya kule. Masinde alisimama na jogoo wake mkononi.

"Nitakuja tupande," Agneta akasema, bila kuinua macho. "Mimi na wewe. Tukimaliza nitarudi kwangu."

Mkono wa Nakhungu ulisimama juu ya ungo. Neno lile la mwisho lilikaa hapo kati yao, na Agneta hakulirudisha wala hakulilainisha. Bibi alichagua punje moja, akaigeuza mwangani, akaiangalia muda mrefu kuliko punje inavyohitaji. Kisha akauvuta ungo karibu kidogo, mpaka ukakaa juu ya magoti yao wote wawili.